Tuijue Batini ya Betri Tunazozinunua

Siku hizi si jambo la ajabu kuona juu ya paa la zahanati, la skuli au la nyumba ya mkulima vioo vya kupokea nguvu ya jua, na chini yake, pembeni mwa ukuta, kasha lililofungwa ambamo nguvu ya mchana huwekwa akiba kwa ajili ya usiku. Kasha hilo ni betri. Vioo vya juani kila mtu anaweza kuvikagua: kikipasuka huonekana, kikijaa vumbi hufutwa. Lakini betri imezibwa. Mkulima aliyeinunua kwa fedha za karafuu na ofisa aliyetia saini malipo yake kwa fedha za umma wako katika hali moja: wote wawili huamini maandishi yaliyobandikwa ubavuni mwa kasha.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya elimu iliyowawezesha wanasayansi kuitazama betri ndani yake ilhali inafanya kazi, bila ya kuipasua. Elimu hiyo imetoka katika mashine ile ile ya sumaku ambayo hospitalini huitwa MRI, inayompiga mgonjwa picha ya ubongo au ya uti wa mgongo. Tunazungumza juu yake kwa sababu ina fundisho linalohusu moja kwa moja usalama wa nyumba zetu na matumizi ya fedha zetu.

Watu wa visiwa hawana haja ya kuelezwa thamani ya umeme uliowekwa akiba. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, nayo ikawa hatua kubwa ya maendeleo. Lakini mwaka 2008 hitilafu iliiweka Unguja gizani kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi kwa kiasi cha miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, vyakula viliharibika, na wenye uwezo walitia mafuta katika majenereta yao ilhali wanyonge wakirejea kwenye kibatari. Mwaka 2010 Pemba nayo ilipata waya wake kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo visiwa vyetu kwa maumbile yake vitaendelea kuwa mwisho wa waya, na kwa ajili hiyo betri zitazidi kuingia humu, ndogo kwa kubwa, majumbani na katika vituo vya umeme wa jua. Hapana budi basi tuzijue.

Wazee wetu waliotusomesha vyuoni walitufundisha kuwa kila jambo lina dhahiri yake na batini yake. Dhahiri ya betri ni kasha, rangi na maandishi. Batini yake ni mwendo wa chembechembe ambazo jicho halizioni. Katika betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa madukani mwaka 1991 na ambayo waasisi wake watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Nishani ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, mna pande mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba, na zote zimeloweshwa kwa majimaji maalumu. Inapochajiwa, chembe za lithiamu huvuka majimaji hayo kutoka upande wa chanya na kwenda kujipanga ndani ya grafaiti, ambayo ndiyo uti mweusi wa penseli. Inapotumika, chembe hizo hurudi zilikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi, maelfu ya mara, ndiyo uhai wa betri.

Maradhi yake huanzia katika safari hiyo hiyo. Betri ikichajiwa kwa pupa kupita kiasi chake, au ikiwa imeundwa kwa ulegevu, lithiamu hushindwa kuingia katika nafasi zake, ikaganda juu juu kama madini. Madini hayo huota miiba. Mwiba ukirefuka ukautoboa utando, pande mbili hukutana, joto hupanda ghafla, na kwa vile majimaji yenyewe huwaka, moto huzuka. Nje ya kasha hapakuwa na dalili yoyote. Hapa ndipo unapotimia usemi wa wahenga kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano upo. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona huko Marekani, kituo cha betri cha shirika la umeme kilitoa moshi. Wazima moto walifika, na muda mfupi baada ya kufungua mlango ukatokea mlipuko uliowajeruhi vibaya baadhi yao. Wachunguzi walioajiriwa na shirika hilo walitoa ripoti mwaka 2020 wakisema chanzo kilikuwa miiba ya lithiamu ndani ya betri moja. Mtengenezaji wa betri alikataa hoja hiyo. Mabishano ya namna hiyo ni magumu kuyamaliza, kwani moto huila sehemu kubwa ya ushahidi. Na ikiwa haya yaliyatokea nchi yenye maabara na wataalamu tele, sisi tutasimama wapi siku tutakapolazimika kubishana na muuzaji aliye ng'ambo?

Kwa miaka mingi njia ya kuichunguza betri ilikuwa ni kuipasua. Lakini betri iliyopasuliwa ni maiti. Lithiamu ikigusana na hewa na unyevu hugeuka mara moja, na mchunguzi huishia kuona kisichokuwamo ilipokuwa hai. Eksirei nazo huona vizuri vitu vizito, ilhali lithiamu ni madini mepesi kuliko yote, hata hupita kama kivuli. Ilihitajiwa njia ya kuiuliza lithiamu yenyewe iko wapi na iko katika hali gani.

Njia hiyo ni mwangwi wa sumaku. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini chake. Viini vya baadhi ya atomu, kama vile vya hidrojeni iliyomo ndani ya maji na vya lithiamu, vina tabia ya sumaku ndogo inayozunguka. Mtoto anayecheza pia analijua jambo hili kwa macho yake: pia inapozunguka huku imeinama, kichwa chake huyumba kwa mwendo maalumu. Viini hivyo vikiwekwa ndani ya sumaku kubwa navyo huyumba, kila aina kwa kasi yake. Katika sumaku yenye nguvu ya tesla 1, ambayo ni zaidi ya mara 15,000 kuliko nguvu ya sumaku ya dunia inayougeuza mshale wa dira, kiini cha hidrojeni huyumba mara milioni 42.6 kwa sekunde, cha lithiamu ya kawaida mara milioni 16.5, na cha sodiamu mara milioni 11.3. Hiyo ni kasi ya mawimbi ya redio. Kwa hivyo wimbi la redio lenye kasi ile ile likipelekwa, viini huitika, na wimbi likisita, hurudisha mwangwi wao.

Mwangwi huo uligunduliwa mwaka 1946 na makundi mawili nchini Marekani yaliyoongozwa na Felix Bloch na Edward Purcell. Mwaka 1973 Paul Lauterbur akaonyesha kuwa nguvu ya sumaku ikifanywa izidi kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, sauti ya mwangwi itaeleza pia mahali ulikotoka, na kutokana na hapo picha inaweza kuchorwa. Yeye na Peter Mansfield wa Nottingham walipewa Nishani ya Nobel ya Tiba mwaka 2003. Elimu iliyoanza kwa udadisi wa wanafizikia ikawa msaada kwa wagonjwa, na sasa imevuka tena kutoka hospitali kwenda kwenye betri.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani na Uingereza, wakiwemo Alexej Jerschow wa Chuo Kikuu cha New York na Clare Grey wa Cambridge, walitangaza picha za lithiamu ndani ya betri zilizoonyesha mahali madini yalipoganda. Jambo lililowasaidia ni kuwa lithiamu iliyogeuka madini haitoi sauti moja na lithiamu iliyoyeyuka katika majimaji. Sauti zao zimepishana vya kutosha mtu kuzitenga. Mwaka 2016 wakaongeza hatua nyengine ya werevu. Badala ya kuitazama miiba yenyewe, ambayo mwangwi wake ni dhaifu, waliyatazama majimaji yaliyoizunguka, yenye hidrojeni nyingi. Palipoota miiba, majimaji yalisukumwa, na nafasi iliyoachwa ikatoa umbo la miiba yenyewe pande zote tatu, ikionekana kukua kadiri muda ulivyopita. Baharia wetu analielewa hilo bila ya kwenda maabara: mwamba uliozama haoni, lakini huujua kwa namna maji yanavyokatika juu yake.

Kulibaki kizuizi kikubwa. Mawimbi ya redio hayapenyi madini; chukua redio ndogo uitie ndani ya debe la bati ulifunike vizuri, nayo itanyamaza. Betri nyingi za madukani zimevikwa madini, na hata zilizofungwa kwa mfuko laini zimejaa karatasi za shaba na aluminiamu ndani yake. Picha nilizozitaja zilipigwa katika betri ndogo zilizoundwa makusudi kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2018 kundi la Jerschow likatangaza njia ya kukizunguka kizuizi hicho. Betri iliwekwa katika chombo chenye maji pembeni mwake, na kilichopigwa picha ni maji hayo. Hali ya ndani ya betri hugeuza kidogo sana nguvu ya sumaku iliyo nje yake, na mabadiliko hayo husomeka katika mwangwi wa maji. Kwa njia hiyo waliweza kujua kiasi cha chaji iliyomo, na kuitambua betri yenye kasoro miongoni mwa nzima, bila ya kugusa hata msumari mmoja. Tabibu wa zamani hakumpasua mgonjwa ili ajue hali ya moyo. Alishika mshipa wa mkono akasikiliza.

Kazi hiyo haikuishia kwenye lithiamu. Mwaka 2020 kundi lililomjumuisha Melanie Britton wa Chuo Kikuu cha Birmingham lilionyesha picha za betri ya sodiamu ikiwa kazini, pamoja na miiba ya sodiamu inayoota ndani yake. Sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi tunayoianika Pemba kutokana na maji ya bahari, na ulimwengu unaitafutia njia kwa sababu ni tele kuliko lithiamu. Mwaka huo huo kundi la Cambridge lililipitisha ndani ya sumaku jimaji la betri ya mtiririko, yaani betri ambayo nguvu yake hukaa ndani ya majimaji yaliyohifadhiwa katika matangi na kusukumwa kwa pampu. Wakaona jinsi dawa zinavyopokea umeme, zinavyoutoa, na zinavyochakaa, saa kwa saa. Betri za namna hii zinazotumia maji hazishiki moto kwa wepesi, na ukitaka akiba kubwa zaidi unaongeza ukubwa wa tangi. Huko Dalian, China, kituo cha aina hii chenye uwezo wa megawati 100 kilianza kazi mwaka 2022. Kwa visiwa, hilo ni jambo la kulifuatilia kwa makini.

Sasa yuko atakayesema: mambo haya ni ya wakubwa wenye fedha, sisi tuna wagonjwa wanaosubiri zamu ya kupigwa picha, vipi tuzungumzie kuweka betri ndani ya MRI? Hoja hiyo ina haki yake, na jibu letu ni fupi. Mashine ya hospitali ni ya wagonjwa, na ibaki hivyo. Hatumwombi yeyote anunue sumaku kwa ajili ya betri. Tunachotaka ni kutumia elimu ambayo wengine wamekwisha kuigharimia, na kuifanya sheria yetu ile tabia iliyowafikisha wanasayansi hao hapo walipofika: kutokiamini kitu kilichofungwa mpaka kipimwe. Sheria ya mizani sokoni haikuwekwa kwa kuwa kila muuza samaki ni mdanganyifu. Iliwekwa kwa sababu mnunuzi ana haki ya kujua anachokilipia.

Kwanza, betri ziingiazo bandarini zipimwe kwa sampuli. Kazi hii haihitaji mashine kubwa. Betri ya risasi ya volti 12 iliyoandikwa ampea-saa 100 kwa kipimo cha saa 20, ikitolewa umeme wa ampea 5, inapaswa kudumu karibu saa 20 kabla ya kushuka hadi volti 10.5. Ikiishiwa baada ya saa 9, maandishi yale ni uongo, na hapana haja ya kuitisha mtaalamu kutoka Ulaya aje kulithibitisha. Kwa kipima volti, mzigo wa umeme, kipimajoto na saa ya ukutani, kijana aliyefundishwa anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Taasisi ya Viwango Zanzibar ndiyo mahali pake, nayo isaidiwe kwa vifaa na watu, si kwa maneno ya semina peke yake.

Pili, mikataba ya vituo vikubwa iandikwe kwa macho yaliyo wazi. Betri ya kituo ni mamia au maelfu ya betri ndogo zilizounganishwa, na nazi mbovu harabu ya nzima: moja ikidhoofika huzivuta zilizo pamoja nayo. Muuzaji atakiwe kuonyesha matokeo ya vipimo vya kila fungu la betri, kutoka kwa mpimaji asiyekuwa mwajiriwa wake. Atakiwe kueleza betri hizo zimepimwa katika joto la kiasi gani, kwani joto huharakisha uchakavu, na joto letu si la Ulaya. Takwimu za mwenendo wa kila siku za kituo ziwe mali ya Serikali na zisomwe na wataalamu wetu hapa hapa. Na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka betri ithibitishe uwezo wake kwa muda uliokubaliwa. Ofisa anayesaini mkataba usiokuwa na mambo hayo anawanunulia wananchi mbuzi kwenye gunia, hata kama mikono yake ni misafi.

Tatu, vijana wasomeshwe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume zina wanafunzi wenye akili isiyopungua ya wale wa Birmingham au New York. Somo la fizikia katika skuli zetu lisiishie kwenye ubao na kukariri. Mwanafunzi aishike dira na sumaku, aipime betri ikijaa na ikiisha, achore jedwali lake mwenyewe. Atakayekwenda ng'ambo kwa masomo ya juu apelekwe pia katika maabara kama hizi tulizozieleza, kwa makubaliano kuwa atarudi kulijenga taifa. Nchi inayonunua kila kitu na isiyoweza kupima chochote haijajitegemea, hata bendera yake ikipepea juu kiasi gani.

Nne, betri iliyokufa isitupwe ovyo. Kule Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichojengwa karibu na makaazi kilieneza sumu ya risasi iliyowadhuru watu wazima na watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Lakini risasi ikishaingia katika mwili wa mtoto huiathiri akili yake, na hapana fidia inayoweza kuirejesha. Visima vyetu viko katika mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kama chujio. Kinachomwagwa juu leo ndicho kitakachotekwa kwa ndoo kesho. Kila anayeuza betri basi alazimishwe kuipokea ile kuukuu, na ijulikane inapelekwa wapi. Mafundi wanaozivunja uani ili kuuza risasi yake waelimishwe kwanza, wapatiwe njia nyengine ya riziki, kisha sheria ifuate.

Wananchi nao wana sehemu yao. Asidanganyike mtu na bei rahisi ya betri iliyopakwa rangi upya. Betri inayovimba, inayotoa harufu au inayopata joto bila ya kutumika itolewe ndani ya nyumba, isilazwe chini ya kitanda cha watoto. Na fundi anayesema kwamba vipimo havina maana, atafutwe fundi mwengine.

Wanasayansi tuliowataja wamechukua zaidi ya miaka kumi kulifungua kasha hilo bila ya kulivunja, na kazi yao bado inaendelea. Wametuonyesha kuwa batini ya betri inajulikana kwa anayetaka kuijua. Giza la mwaka 2008 na la mwaka 2010 lilitupata kwa waya uliokuwa chini ya bahari, mahali ambapo jicho halifiki. Lisije likatupata jengine kwa kasha lililopo mbele yetu, lililopokewa bandarini kwa karatasi, likalipiwa kwa karatasi, na lisipimwe hata siku moja.